Jino Lisilouma

Jumatatu, 2 Mei 1949

Nimeamka shavu la kushoto limenitangulia. Nikigeuka kitandani, uso unageuka kwanza, shavu linafuata kwa wakati wake. Kulishika, linauma mpaka ndani ya sikio.

Kahaso, mke wangu, kanitazama mara moja tu akasema ni matumbwitumbwi. Nikamwambia hayo ni maradhi ya watoto. Akanyoosha kidole kwenye mkeka alipolala mjukuu wetu Kafedha, miaka mitano, aliyevimba kama boga wiki mbili zilizopita. Nami ndimi niliyekuwa nikimbeba na kummalizia uji. Uji wa mtoto hutiwa sukari zaidi. Si kosa langu.

Kahaso kasema nisiende kazini, nitawaambukiza watu wa watu. Nisiende! Zimebaki siku sita. Tangu Mei ya mwaka jana mimi Phineas Nguma, tarishi wa ofisi ya kiwanda cha mafuta ya nazi hapa Changamwe, sijakosa kazi hata siku moja. Bwana Meneja alitangaza mwenyewe: tarishi atakayetimiza mwaka mzima bila kukosa atapewa baiskeli ya ofisi, awe anapelekea barua. Matarishi tuko wawili. Mwenzangu ni Kioko, Mkamba, umri miaka thelathini, meno yote kamili. Naye hajakosa. Lakini Bwana kasema tukilingana, mkubwa kwa umri ndiye atakayepewa. Mara ya kwanza uzee umeniletea faida, halafu niulalie kwa sababu ya shavu?

Nikajifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, fundo juu kama masikio ya sungura. Nikasema ni jino.

Wote wameamini. Gershom karani kanipa pole mara tatu. Gershom ndiye atakayemuoa kitinda mimba wangu, Agneta, tarehe ishirini na nane mwezi huu, kanisani Jomvu. Kijana mtaratibu, mwandiko wake utadhani umepigwa na mashine. Tangu amchumbie Agneta hanywi chai ya saa nne kabla yangu. Hunijazia kikombe cha bati, akanipa kwa mikono miwili, nikapiga funda la kwanza, nikamrudishia, ndipo naye akanywa. Kwetu ndiyo adabu ya mkwe. Juzi Jumamosi tulikunywa hivyo vizuri kabisa. Leo nimepiga funda langu, nikamrudishia, na kabla hajakifikisha mdomoni Kioko akapita na mafaili hadi puani, akamgonga mkono. Chai yote chini. Nikamwambia kwao barani watu hutembea na macho mfukoni? Akasema pole Mzee, akaenda kutafuta tambara.

Jioni nimesaini kitabu cha mahudhurio kwa herufi kubwa. Zimebaki tano.

Jumanne, 3 Mei

Shavu limezidi. Sasa nikicheka naliona kwa jicho la kushoto.

Jumanne ndiyo siku ya barua nyingi. Bahasha arobaini, stempu arobaini. Kazi ya kulamba ni yangu tangu kiwanda kifunguliwe. Nalamba stempu mstari mmoja, nageuza ulimi, nalamba bahasha, napiga ngumi. Hakuna barua yangu iliyowahi kufunguka njiani. Leo Kioko kaja na sifongo amelilowesha kwenye kisahani. Ati Mzee pumzisha taya, jino litazidi kuuma, nitabandika mimi. Kiswahili chake kama mkokoteni juu ya mawe, lakini nimemwelewa. Anaitaka kazi yangu. Nikazilamba zote arobaini mbele ya macho yake, nyingine mara mbili.

Baadaye nimemkuta nyuma ya ofisi amewasha jiko, anachemsha vikombe vya bati ndani ya sufuria kama mayai. Nikamuuliza vitaiva lini. Akasema vina uchafu. Hajawahi kuviona na uchafu miaka mitatu, leo ndiyo kaviona. Najua hesabu zake. Anataka Bwana apite amwone anavyojituma.

Na chai ya Gershom leo ilikuwa na chumvi. Gershom kanipa, nimepiga funda, nusura nitapike; kikamwagwa dirishani hapohapo. Nani anapika chai? Kioko.

Mimi pia nina njia zangu kwa Bwana. Kila asubuhi namsafishia kiko chake. Nakwangua, nafuta, kisha navuta mara mbili kuhakikisha njia iko wazi. Leo nimevuta mara nne kwa ajili ya maumivu. Tumbaku nzuri sana ile. Bwana hajui, na mambo asiyoyajua Bwana hayamdhuru.

Jumatano, 4 Mei

Siku ya msiba. Nimempoteza mtu wa karibu.

Bwana kanisikia naguna wakati wa kupanga barua, akatoka chumbani kwake amekunja uso. Akasema siku tatu wewe lia kama paka, enda toa hiyo jino sasa hivi, Kioko peleka yeye. Nikasema limeanza kupoa. Akasema enda.

Fundi wa meno Changamwe ni Mwidani, pale karibu na soko. Hunoa visu pia. Akanikalisha juu ya debe, akauliza lipi. Nikaduwaa. Nilikuwa nimebakiwa na meno tisa, na upande wa kushoto yapo mawili tu. Ningesema hakuna, Kioko angejua. Nikafikiri lipi kati ya hayo mawili lina kazi chache. Nikaonyesha lile la nyuma, linalonisaidia kwa mahindi peke yake, na msimu wa mahindi bado.

Kioko kanishika kichwa. Kabla Mwidani hajaingiza koleo, Kioko kaniinamia sikioni akaniuliza polepole kama kweli ni jino. Nikamwambia ashike kichwa, si maneno.

Sitaandika yaliyofuata.

Lilipotoka, Mwidani akaliinua juani akaligeuza. Akasema katika miaka ishirini na sita ya kung'oa hajaona jino zima namna hii. Akaita na muuza samaki aje alione. Akaniuliza kama naweza kumwachia, aliweke mezani wateja wapate kuona jino linavyotakiwa kuwa. Nikalitia mfukoni. Kioko hakucheka. Bora angecheka.

Nimerudi ofisini kabla ya saa saba, nikasaini. Zimebaki tatu.

Nikafikiri shida zimeisha. Nimefika nyumbani, Kahaso ananingoja mlangoni. Alikuwa amempeleka Kafedha dispensari kwa ajili ya sikio, akamuuliza dresa habari za matumbwitumbwi kwa watu wazima. Dresa kasema kwa mwanamume mzima yale si maradhi ya mashavuni tu. Yaweza kushuka. Yakishuka, yanaweza kumkausha mtu asipate mtoto.

Nikaanza kujihurumia. Kahaso kasema si wewe, wewe una watoto saba na ya huko chini yalishastaafu. Kasema, nani anakunywa kikombe kimoja nawe?

Nikatazama dari.

Akauliza tena. Nikamwambia Jumatatu kilimwagika na jana kilitiwa chumvi. Akauliza Jumamosi je? Nikasema Jumamosi sikuwa nimevimba. Akasema dresa kaeleza sumu huanza kutoka siku mbili kabla ya uvimbe. Tuhesabu siku ishirini na tano tangu kikombe hicho. Zikiisha salama, kijana kaponea. Zitaisha tarehe ishirini na tano. Harusi ishirini na nane.

Agneta alikuwa chumba cha pili anashona gauni lake. Mashine ilikuwa inalia muda wote, kisha nikasikia imenyamaza.

Kahaso kaniambia kesho usitoke. Nikamwambia nitafikiri.

Alhamisi, 5 Mei

Nimefikiri. Nimepata njia ya kuokoa vyote viwili, mkwe na baiskeli. Nitakwenda kazini, lakini Gershom nitamweka mbali nami kabisa. Hawezi kuambukizwa na mtu asiyemkaribia. Nashangaa dresa hakuwaza hilo.

Jambo moja tu limeharibika. Leo shavu la kulia nalo limevimba. Jino limetoka kushoto, uvimbe umehamia kulia. Nikawaambia ofisini kwamba maumivu yakikosa jino lao huvuka. Bwana kanitazama muda mrefu.

Gershom kaja asubuhi kunipa mkono, shikamoo Baba. Nikaficha mikono yangu nyuma, nikarudi hatua mbili, nikajigonga kabati. Nikamwambia abaki hukohuko. Kacheka kidogo, akadhani ni mzaha. Saa nne kaniletea chai kwa mikono miwili, imetiwa maziwa na tangawizi, maana jana alijua nimetolewa jino. Nilifanyaje? Nikaipokea nikaimwaga nje mbele yake, nikageuza kikombe juu chini.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua maana yake. Baba wa binti akimwaga kikombe cha mkwe, kesi imekwisha, kamkataa. Nilijua, lakini mkono ulikwisha fanya. Gershom kasimama na kijiko. Akauliza kosa lake. Nikamwambia kosa lake ni kusogea. Alipotaka kusema neno jingine nikapiga ukelele aondoke, kwa sababu alikuwa ameshafika kwenye meza yangu, na mimi nilikuwa katikati ya kupiga chafya.

Stempu nimelamba zote. Stempu hazina harusi.

Jioni kaja nyumbani mzee Lewa, baba yake Gershom, na ndugu yake. Hawakukaa. Walisimama uani, wakauliza kama kuna neno, wao ni watu wa kuambiwa ukweli. Mimi nilikuwa chooni. Nilikaa chooni mpaka wakaondoka. Kahaso aliwaambia nina homa ya kichwa, na kweli baada ya kusikia aliyoniambia walipoondoka, niliipata.

Agneta hajala. Gauni liko chini ya mashine, mkono mmoja bado.

Zimebaki mbili.

Ijumaa, 6 Mei



Nimefika ofisini mapema nisikutane na mtu. Mezani kwangu nikakuta barua. Bahasha haikulambwa, imefungwa kwa pini. Mwandiko wa Gershom. Ananiita Baba Mpendwa. Anasema hajui alilokosa, lakini hawezi kuingia nyumba ambayo baba yake hamtaki. Saa kumi leo atakwenda kwa Mchungaji amwombe asiwatangaze tena kanisani Jumapili. Anamwombea Agneta mume mwema kuliko yeye. Mwisho ananipa pole kwa jino.

Pole kwa jino! Hapo ndipo aliponimaliza.

Nikaenda kukitazama kitabu cha mahudhurio. Safu yangu nzima, mwaka mzima, Nguma, Nguma, Nguma, na vijumba viwili vyeupe chini. Nikarudi mezani. Nikasoma barua tena. Nikaenda tena kwenye kitabu. Nilikwenda na kurudi hivyo mara tatu. Kioko alikuwa anafagia, akawa ananipisha kila mara.

Kisha nikafungua mlango wa ukumbi wa makarani, nikafungua kitambaa. Mashavu yakatoka yote mawili. Makarani wakaacha kupiga mashine. Nikasema ni matumbwitumbwi, ninayo tangu Jumatatu, jino halikuwa na kosa lolote. Nikalitoa mfukoni likawa shahidi. Nikamwambia Gershom simkatai, namkimbiza. Na asipomuoa binti yangu mimi na mama yake tutamfuata mpaka kwao na mashine ya kushonea.

Gershom kwanza kacheka, kisha akajifuta macho, kisha akaja mbio kunikumbatia. Nikazunguka meza. Naye akazunguka. Tulizunguka meza ile mara nne, mkwe na baba mkwe, yeye analia kwa furaha, mimi nampigia kelele asinifikie, mpaka Kioko akaweka kiti katikati.

Bwana akatoka. Sitaandika aliyosema, mengine hata sikuyajua. Mwisho wake ni niende nyumbani sasa hivi, nisirudi mpaka uso uwe mmoja. Nikauliza, leo je, imehesabiwa? Kasema leo imehesabiwa. Kesho hapana.

Siku moja. Siku mia tatu na zaidi, nimeshindwa kwa siku moja, tena ya nusu, maana Jumamosi tunafunga saa sita.

Gershom hakwenda kwa Mchungaji. Mashine ya Agneta imelia mpaka jua likatua.

Jumamosi, 7 Mei

Nimejaribu kitu kidogo tu. Bwana alisema nisiingie ofisini. Hakusema kitabu kisitoke. Nikajifunika leso ya Kahaso uso mzima, nikaenda mpaka kwenye uzio wa kiwanda, nikamwita bawabu aniletee kitabu nisaini kupitia kwenye waya. Nikamweleza kuwa uzio ni mali ya kiwanda, basi nikiushika nimefika kazini. Bawabu akasimama hatua tano akanielekezea rungu, akasema mama nenda nyumbani. Nikafunua leso nimwonyeshe ni mimi. Akaongeza hatua tano nyingine.

Saa sita honi ya kiwanda imelia. Nimeisikia nikiwa njiani. Basi, baiskeli ya Kioko.

Kahaso kanipa uji laini. Kaniuliza hiyo baiskeli ningeipata, ningeiendesha vipi, maana hajawahi kuniona juu ya baiskeli. Ni kweli sijui kuendesha. Lakini hilo halikuwa swali la wiki hii.

Jumatatu, 16 Mei

Nimerudi kazini, uso mmoja. Kioko anapita na baiskeli, anapiga kengele kwa kila kuku. Barua zinafika mapema. Hakuna anayesema kwamba zilikuwa zinafika hata zamani.

Sifongo limewekwa mezani kwangu kwa amri. Ulimi wangu umekaa bure kama mzee wa barazani.

Kazi yangu kubwa sasa ni kumtazama Gershom mashavu. Leo siku ya kumi na sita. Namtazama akiingia, akiandika, akitafuna. Kaniuliza kama hajanyoa vizuri. Nikamwambia kushoto kuna kitu. Akashika, akageuka rangi. Ilikuwa wino.

Kila siku baada ya kazi anapita nyumbani, anasimama nje ya ua, Agneta ndani ya ua, wanazungumza umbali wa hatua sita. Kahaso ndiye aliyepima. Wanaongea kwa sauti mambo ya kunong'ona. Mtaa mzima unajua sasa wataita mtoto wa kwanza nani, akija. Wakifika hapo kwenye "akija" wote wawili hunyamaza.

Mimi husikia nikiwa ndani. Naona afadhali wangenitukana.

Jumatatu, 23 Mei

Ajabu ya mwaka. Bwana Meneja kaingia ofisini amejifunga skafu ya hariri, kutoka kidevuni mpaka utosini. Kasema ni jino.

Nikamtazama. Najua jino, najua lisilo jino. Lile ni shavu lenye mambo yake. Nikajiuliza kalipata wapi, mtu asiyekunywa kikombe cha mtu. Halafu macho yangu yakaangukia kiko. Lakini nikafikiri vizuri: Mombasa ina watu wengi, na Bwana hukaa klabu na kila namna ya wageni. Si haki kukisingizia kiko.

Nikasogea kwa adabu nikamshauri apumzike nyumbani. Kasema hawezi, wakubwa wa kampuni wanatoka Nairobi Jumatano, lazima wamkute kazini. Mtu mzima! Mwenye elimu, mwenye gari, anajua kabisa ana ugonjwa wa kuambukiza, anakuja kukaa katikati ya watu kwa sababu ya sifa! Nimekasirika mpaka nikamfuata Kioko nyuma ya ofisi kumwambia. Nikamwambia watu wengine hawana haya. Kioko alikuwa anapuliza jiko. Akaongeza maji kwenye sufuria.

Nimempendekezea Bwana fundi Mwidani. Kasema atafikiri.

Lakini hasira hazikunifikisha mbali. Kama Bwana kavimba leo, sumu yangu ni ya kweli, na siku zake ndizo hizi. Jioni nimekwenda kanisani peke yangu, siku ambayo si Jumapili. Mchungaji kanikuta, akauliza kuna nini. Nikamwambia namwombea kijana mashavu.

Jumatano, 25 Mei

Siku ya ishirini na tano.

Wakubwa wa Nairobi wamefika saa tatu. Bwana kawapokea na skafu. Wakati wa kuwasomea hesabu za mapipa shavu la pili likatoka, pembeni, polepole, kila mtu analiona isipokuwa mwenyewe. Wakubwa wakasogeza viti. Saa tano gari likampeleka hospitali. Wao wakapanda treni ya jioni. Wamejifunika vitambaa mdomoni utadhani wanaiba.

Saa kumi nikasimama mbele ya meza ya Gershom. Nikamwambia ainue uso. Akainua. Nikambonyeza kushoto, nikambonyeza kulia, chini ya sikio, chini ya taya, kama mtu anayechagua papai. Hakuna kitu. Nyama na mfupa. Nikamwambia atafune. Akatafuna hewa. Hakuna maumivu.

Nikamwambia tia chai.

Akatia. Akanipa kwa mikono miwili. Nikapiga funda, nikamrudishia. Makarani wote wakatazama. Kijana akakinywa chote mpaka majani ya chini, akakigeuza kuonyesha hakuna tone.

Jioni alipofika kwetu hakusimama nje. Kahaso kafungua lango mwenyewe.

Jumapili, 29 Mei

Jana tumemwoza Agneta. Masika imepiga usiku kucha, njia ya kanisani ilikuwa uji. Nilikuwa nimevaa viatu vya Gershom vya zamani, vyeupe, siwezi kukanyaga. Nani kanitokea? Kioko, na baiskeli ya ofisi imefungwa riboni, suruali imekunjwa mpaka magotini. Kasema Mzee panda nyuma. Basi nimepanda. Nimeingia kwenye harusi ya binti yangu juu ya ile baiskeli, miguu juu kama mtoto, watu wanapiga vigelegele. Kwa hiyo mwisho wa mambo niliipata kidogo.

Njiani nilimuuliza kwa nini siku ile alimwaga chai. Kasema aliniona shavu nilipoingia mlangoni. Kwao Machakos aliugua matumbwitumbwi akiwa mdogo, anayajua. Chumvi nayo ni yeye. Vikombe alichemsha kwa ajili hiyo. Na bahasha zangu zote arobaini alizifuta kwa maji moto zikabanduka, akazifunga upya kwa gundi. Nikamuuliza kwa nini basi hakunisemea kwa Bwana, akapata baiskeli yake tangu Jumatatu. Kasema ningesema, Mzee, ungesema naitaka baiskeli.

Nimelifikiria neno lile njia nzima, na wakati wa nyimbo, na hata Mchungaji alipouliza nani anamtoa binti huyu nikachelewa kuitika, Kahaso akanipiga kiwiko. Jioni wakati wa pilau nikawa nimelimaliza. Kijana yule ana moyo mzuri, sikatai. Lakini kwa vile vikombe viwili vya chai, yeye ndiye anayenidai? Hapana, mimi ndiye ninayemdai. Kimoja kilimwagika, kimoja kilitiwa chumvi.

Agneta alipendeza. Mikono yote miwili ya gauni ilikuwepo.

Jumatatu, 30 Mei

Nimeamka jicho la kulia halifunguki. La kushoto linafunguka, lakini ni jekundu kama pilipili. Kafedha naye macho yake ni vivyo hivyo tangu Ijumaa. Nadhani ni ule mto, tuliulalia pamoja baada ya kula keki ya harusi.

Kahaso kasema nisitoke. Kasema macho mekundu yanaambukiza kuliko hata yale ya mashavu, kesho ofisi nzima itakuwa inapapasa kuta. Nikamwambia anasahau jambo moja. Kabla ya kwenda hospitali Bwana aliacha tangazo ukutani: mwaka mpya wa mahudhurio unaanza leo Jumatatu, na safari hii zawadi ni koti la mvua, la mpira, lenye kofia yake. Masika yote hii nimelowa. Siwezi kuanza mwaka kwa kukosa. Tena Gershom yuko likizo ya harusi, na nani mwingine ofisini namwonea huruma?

Gershom alisahau kwetu miwani yake ya jua, nyeusi tititi. Imenikaa vizuri. Nitasema ni vumbi. Au nitasema ni majonzi ya kumwoza binti, hiyo haina fundi wa kuing'oa.

Saa moja kasoro nimefika. Kwa Bwana hapakuwa na mtu. Kiko chake kiko mezani, hakijasafishwa wiki nzima, nikakionea huruma.

Kioko kaniona naingia na miwani, nje mawingu matupu. Alikunja mikono ya shati, akatoka nyuma, nikasikia anawasha jiko.

Anapenda sana kuchemsha vikombe, yule kijana. Sijui nani alimzoesha.